Maswali ya Mezani: Samaki Mbichi, Vijiti na Bili ya Mkahawa wa Kijapani wa Kisasa

Barua za mwezi huu zimekuja kutoka Dubai, Mombasa, Muscat, Paje, Nairobi na Toronto, na zote zinauliza kuhusu ile mikahawa ya Kijapani ya kisasa, inayochanganya upishi wa Japani na wa nchi nyingine. Nimefurahi kuzipokea. Huo ndio upishi nilioufanyia kazi miaka yangu yote ya Dubai, kwanza nikibeba sahani, baadaye nikisimamia meza. Walioniuliza kuhusu pilau na maandazi wanivumilie hadi toleo lijalo.

Shikamoo Shangazi. Nimeajiriwa juzi kwenye ofisi ya uhasibu hapa Dubai. Bosi wetu ametualika chakula cha usiku kwenye mkahawa wa Kijapani pale DIFC, eneo la mabenki na makampuni ya fedha. Nimeiangalia menyu yao kwenye simu: majina siyajui hata moja, bei zinatisha, na samaki wengi ni wabichi. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa Tanga, samaki ninayemjua ni wa kukaanga au wa kupaka. Naogopa kula haramu bila kujua, na naogopa kuonekana mshamba mbele ya wenzangu. Nisingizie naumwa?
*Mhasibu Mpya, Dubai*

Marahaba, mwanangu. Usisingizie ugonjwa. Nenda, ukae nao, ule.

Kwanza ujue meza yenyewe inavyokwenda. Mikahawa mingi ya aina hii imefuata desturi ya izakaya, zile nyumba za Kijapani ambako watu wakitoka kazini hukaa wakala vitu vidogo vidogo huku wakizungumza. Hakuna sahani yako na sahani ya bosi. Vyakula huletwa kimoja kimoja kadiri vinavyotoka jikoni, huwekwa katikati, na kila mtu anajipakulia. Hilo likupe utulivu, kwa kuwa hakuna atakayehesabu ulichokula na ulichokiacha. Bei pia zisikusumbue. Aliyealika ndiye anayeagiza na ndiye anayelipa. Huenda akamwachia mpishi achague kila kitu, na hiyo huitwa omakase. Ukilisikia neno hilo mezani, toa masharti yako hapo hapo, kabla jiko halijaanza.

Sasa la haramu, ambalo ndilo zito. Kwenye upishi huu kilevi hakikai kwenye glasi peke yake. Kuna sake, pombe ya mchele, na kuna mirin, ambayo ni tamu na ina kilevi cha karibu asilimia 14. Hizi mbili hutiwa kwenye michuzi mingi sana: teriyaki, ule mchuzi mtamu wa soya, samaki wa miso, yaani aliyepakwa soya iliyosagwa na kuchachushwa, hata mchuzi wa kuchovyea tempura, vile vitu vya baharini na mboga vilivyovikwa uji wa unga na kukaangwa. Ukiambiwa kwamba moto umemaliza kila kitu, usikubali haraka. Mchuzi uliochemka robo saa unaweza kubaki na karibu asilimia 40 ya kilevi kilichotiwa mwanzo. Mchuzi wa soya nao, unapochachushwa kwa njia ya asili, hutoa kilevi kidogo wenyewe. Hukumu ya hicho muulize shehe wako, mimi ninakwambia kilichomo tu. Nguruwe mtafute ndani ya gyoza, zile sambusa ndogo za kuchemsha na kukaanga, na kwenye ramen, supu ya tambi. Ama nyama ya ng'ombe wa wagyu, inaweza kuwa halali, kwani Japani kwenyewe yapo machinjio yenye cheti, na inaweza isiwe. Uliza.

Na uulize namna hii. Fika dakika chache kabla ya wenzako, mwite mhudumu, umwambie: "Sili nguruwe, na situmii kilevi hata cha kupikia. Naomba unionyeshe vyakula vinavyonifaa." Basi. Maneno hayo mimi niliambiwa karibu kila usiku wa kazi yangu, na niliyapenda, kwa sababu yalinirahisishia kazi. Tuliyaandika juu ya karatasi ya oda, mpishi akayasoma kwa sauti, na wapishi wote wakaitikia. Aliyenitia uchungu alikuwa mgeni aliyenyamaza, akaagiza kwa kubahatisha, kisha akaondoka na njaa baada ya mwenyeji wake kulipa fedha nyingi. Mpaka leo nikikumbuka nyuso za wageni wa namna hiyo ninasikitika, kwa sababu jikoni kulikuwa na vitu ambavyo wangevipenda.

Samaki mbichi hulazimishwi. Anza na vilivyopikwa: tempura ya kamba, pweza, kuku au mahindi ya kuchomwa kwenye robata, jiko la mkaa ambalo mikahawa hii huliweka mbele ya macho ya wageni. Mtoto wa Tanga hawezi kuwa mgeni wa pweza wa mkaa. Edamame zikija, zile maharage changa za kijani zenye chumvi, minya punje ziingie mdomoni na ganda uliache kwenye kibakuli. Kibonge cha kijani pembeni ya sahani ni wasabi, ukali wake hupanda puani, basi chukua kiasi cha punje ya mchele kwanza.

Halafu kuna sahani moja ningependa uijaribu kama moyo utakuruhusu. Mpishi Nobu Matsuhisa, ambaye nitamweleza zaidi hapo chini, alikuwa na mteja aliyeletewa samaki mbichi akakataa kumla. Mpishi hakuudhika. Alipasha moto mafuta ya zeituni na ya ufuta hadi yakawa ya moto sana, akayamwaga juu ya vile vipande vyembamba, na nje yake vikaiva papo hapo. Sahani hiyo imeigwa dunia nzima, na ilizaliwa kwa sababu mgeni alisema ukweli kwamba kitu hakimfai.

Binti yangu, nilikwenda London kumtembelea kijana wangu, akatupeleka kwenye mkahawa ulioandikwa ni wa Kijapani. Nililetewa vipande sita vya samaki kwenye sahani pana kama sinia, vimemwagiwa ndimu na pilipili wanayosema ni ya Peru. Wali umeviringishwa pamoja na parachichi. Mimi nilikuwa baharia, nimeshuka Yokohama na Kobe miaka ya 1970, sikukiona kitu kama hicho. Je, tuliuziwa jina tu? Na mbona bili ilizidi hesabu ya vyakula tulivyoagiza?
*Baharia Mstaafu, Mombasa*

Shikamoo Mzee wangu. Ulichokiona Kobe ni kweli, na ulicholetewa London pia kina ukoo wake.

Mwaka 1899 meli iitwayo Sakura Maru iliwashusha Peru Wajapani karibu 800, waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Wajukuu wao wapo huko mpaka leo. Watu hao walikuta bahari yenye samaki wengi, ndimu, vitunguu na pilipili ya manjano ambayo Waperu huitia karibu kila kitu. Waperu walikuwa wakimwacha samaki kwenye ndimu kwa muda mrefu, Wajapani wakamkata mwembamba na kumwagia ndimu dakika ya mwisho. Kutokana na kukutana huko ukazuka upishi unaoitwa Nikkei. Vipande vyako sita, kwa maelezo yako, ni tiradito, mmoja wa watoto wa upishi huo.

Nobu Matsuhisa alijifunza Tokyo kutengeneza sushi, wali wa siki unaoliwa na samaki, kisha mwaka 1973, akiwa kijana wa miaka 24, akaenda Lima kufungua mkahawa na mshirika wake. Vitu vingi alivyovizoea hakuvipata kule, akapikia vya pale pale. Baada ya Peru alipita Argentina, akaenda Alaska akafungua mkahawa ukateketea kwa moto muda mfupi tu baada ya kuanza. Fikiria, Mzee, mtu ana familia na deni, na jengo limekuwa majivu. Alihamia Los Angeles kufanya kazi kwenye majiko ya wengine mpaka mwaka 1987 alipofungua wake huko Beverly Hills. Mwigizaji Robert De Niro alikuwa mteja wake, akamshawishi, na mwaka 1994 wakafungua Nobu jijini New York. London ilifuata mwaka 1997. Mikahawa mingi unayoiona leo ikiweka pilipili ya Peru juu ya samaki wa Kijapani imechota kwenye kisima hicho.

Parachichi lilitokea Los Angeles. Masimulizi yanayokubalika zaidi yanasema wapishi wa Kijapani wa kule, katika miaka ya 1960, walikosa jodari mwenye mafuta misimu fulani, wakaona parachichi linalainika mdomoni vile vile. Kobe ya ujana wako usingelikuta. Wala samoni mbichi usingemkuta, ingawa leo watoto wa Tokyo wanamla kila siku. Wajapani walimla samoni akiwa amepikwa tu, kwa hofu ya minyoo, mpaka Wanorwe walipowapelekea wa kufugwa na kumfanyia kampeni kubwa kuanzia miaka ya 1980.

Hata tempura, ambayo naamini uliila bandarini, Wajapani waliipata kwa Wareno waliofika huko mwaka 1543. Ni Wareno hao hao walioijenga Ngome ya Yesu hapo kwenu. Sijui kama yupo mpishi yeyote wa pwani yetu anayeweza kuhukumu mchanganyiko, sisi tuliopokea biriani, pilipili na muhogo kutoka ng'ambo tukavifanya vyetu.

Lakini swali lako la kuuziwa jina ni la haki, kwa sababu wapo wanaouza jina. Wanamwaga mayonezi, mchuzi mtamu na mafuta yenye harufu ya uyoga juu ya kila kitu ili usijue samaki ana hali gani. Mimi hupima kwa wali. Wali wa sushi hutiwa siki, sukari na chumvi, na unapofika mezani uwe na uvuguvugu wa mwili wa mtu, punje zishikane bila kugandamana. Ukiwa baridi kama umetoka friji, au mgumu katikati, basi mpishi hakujali, na hakuna pilipili ya nchi yoyote itakayoficha hilo. Mtu wa Mombasa hahitaji kufundishwa kuonja wali. Ukirudi, anzia hapo.

Kuhusu bili: London mikahawa mingi huongeza ada ya huduma, mara nyingi asilimia 12.5, na chini ya bili huandikwa kwa herufi ndogo kwamba ni hiari. Ukiwa hukuridhika unaweza kuomba iondolewe, kwa upole, na si aibu. Ukiwa umeridhika, iache, na usiongeze bahashishi nyingine juu yake. Huko Japani kwenyewe bahashishi haitolewi kabisa.

Dada, nina mimba ya miezi mitano na mume wangu anataka kunipeleka kula sushi hapa Muscat kwa ajili ya kumbukumbu ya ndoa yetu. Mama mkwe amesema ni hatari. Nani yuko sahihi?
*Mwenye Hamu, Muscat*

Hongera, mdogo wangu. Mama mkwe ana hoja. Wakala wa chakula na dawa wa Marekani unawashauri wajawazito wasile samaki mbichi kabisa. Waingereza wanalegeza kidogo, wanaruhusu ikiwa samaki amegandishwa kwanza kuua minyoo. Mimi ningeshika ushauri ulio mkali, kwa sababu miezi iliyobaki ni michache na sushi itakusubiri. Epuka pia papa na nduaro hata wakiwa wamepikwa, maana hukusanya zebaki mwilini, na jodari mle kwa kiasi. Ini la samaki, ambalo mikahawa hii hulipenda, liache kwa sababu ya vitamini A nyingi. Ukutane na daktari wako kama kuna kitu kingine kinachokutia shaka.

Usiku wenyewe usiufute. Samoni wa kuchomwa, tempura ya mboga, tofu, ile jibini ya soya, ya kukaanga kwenye mchuzi wa moto, roli ya tango na parachichi: hiyo ni karamu kamili. Mwambie mhudumu kuwa ni mjamzito mara tu unapokaa, ili kisu na ubao wa vyakula vyako visiwe vilivyotoka kwenye samaki mbichi. Jiko zuri litalifanya bila kunung'unika.

Shangazi, mama yangu analima mwani hapa Paje. Nimeona kwenye picha Wajapani wanaviringisha wali kwa mwani mweusi. Ni huu wetu?
*Binti wa Pwani Mchangani, Paje*

Hapana, mwanangu, ila ni jamaa. Ule mweusi ni nori, mwani mwekundu wa maji ya baridi. Wajapani huulima sana kwenye ghuba ya Ariake kusini mwa nchi yao, huusaga, huutandaza kama karatasi na kuukausha. Mwani wa mama yako, uwe wa aina ya spinosamu au ya kotoni, nao ni wa kundi la mwani mwekundu, lakini kazi yake ni nyingine: hutolewa kitu cha kuvipa vitu vya majimaji uzito, kinachotiwa kwenye maziwa, malai, dawa ya meno na vipodozi. Kwa hiyo anayekula malai Ulaya huenda anakula jasho la wanawake wa Paje bila kujua. Kilimo hicho kimeanza kibiashara Zanzibar tangu mwaka 1989 na mkulima bado analipwa kidogo mno kwa kilo. Mpe mama salamu zangu za heshima.

Kaka mmoja alinicheka kwa kushindwa kutumia vijiti kwenye mkahawa wa Westlands. Niliomba uma. Nilikosea?
*Mikono Mizito, Nairobi*

Hukukosea, na huyo kaka hajui kwamba sushi hata Japani inaruhusiwa kuliwa kwa mkono. Nikipewa nafasi mimi hutumia vidole. Shika kipande kwa wepesi, kigeuze, chovya upande wa samaki kwenye mchuzi wa soya, kamwe si upande wa wali, maana wali utakunywa mchuzi wote na kuvunjika. Kisha chote mdomoni mara moja. Kile kitambaa cha moto ulicholetewa mwanzoni ni cha kunawia mikono, hivyo uko tayari.

Ukitumia vijiti, miiko miwili tu ndiyo mizito. Usivichomeke wima kwenye bakuli la wali, kwa sababu ndivyo wali unavyowekwa kwa ajili ya maiti. Na usimpe mtu kipande kutoka kwenye vijiti vyako kwenda kwenye vijiti vyake. Hivyo ndivyo ndugu wanavyopokezana mifupa ya marehemu baada ya kuchomwa. Weka kwenye sahani yake, atachukua mwenyewe. Mengine yote utasamehewa.

Dada yangu, nilikula samaki wa miso kwenye mkahawa hapa Toronto, nikatamani kulia kwa utamu. Naweza kumpika nyumbani bila pombe? Na samaki gani?
*Mama wa Watoto Watatu, Toronto*

Unaweza, na uko mahali pazuri kuliko sisi wote. Samaki yule wanamwita black cod, anavuliwa kwenye bahari ya Alaska na ya British Columbia, jimbo la huko kwenu Kanada. Ana mafuta mengi, ndiyo maana nyama yake inaachana vipande vipande kama siagi. Bei ikikushinda, chukua samoni. Wale wanaonisoma kutoka Ghuba wanaweza kutumia chewa, ila ni mkavu zaidi, wamtoe motoni mapema.

Kabla ya kununua miso soma maandishi ya kopo, kwa sababu watengenezaji wengi huongeza kilevi ili isiendelee kuchachuka. Tafuta nyeupe isiyo nacho. Chukua vijiko vinne vikubwa vya miso, viwili vya sukari, viwili vya maji na kijiko kimoja cha chai cha siki ya mchele. Koroga kwenye moto mdogo hadi sukari iyeyuke, kisha iache ipoe kabisa. Mkaushe samaki kwa karatasi ya jikoni, mpake pande zote, mfunike, mweke kwenye friji. Black cod akae siku mbili hadi tatu, samoni siku moja, chewa usiku mmoja tu, maana akizidi anakuwa na chumvi na nyama yake inakakamaa. Siki haitakupa harufu kamili ya sake, lakini sukari na miso ndivyo vinavyobeba kazi kubwa, na watoto hawataona tofauti.

Siku ya kupika mpanguse miso kwa vidole, usimwoshe kwa maji. Oveni iwe nyuzi 200, muda wa dakika 10 hadi 12 kwa kipande kinene, na dakika mbili za mwisho washa moto wa juu ili apate rangi. Simama hapo hapo, kwa sababu sukari ya miso inaungua upesi sana. Mpe na wali mweupe na tango lililokatwa jembamba kwenye siki. Miso iliyokaa na samaki mbichi usiirudishe kwenye kopo, itupe.